Tulimwambia Apumzike

Alhamisi iliyopita, saa mbili asubuhi, nilikuwa nimekaa kwa fundi viatu karibu na soko la Shinyanga, mguu mmoja ndani ya kandambili ya kuazima, nikisubiri soli ya kiatu changu ishike gundi, simu ilipoita. Alikuwa mke wa rafiki yangu wa kijiji cha Didia. Alinisalimia kwa utulivu, kama wanavyosalimia wanawake wa kizazi chake. Akauliza nimeamkaje, akamuulizia mke wangu, akauliza kama mvua inanyesha mjini maana kwao imekata na mpunga umeanza kunyauka. Nikajibu yote hayo. Kisha akasema, "Shemeji, mwenzako ametuacha alfajiri ya leo." Nikamuuliza, "Nani?" Sijui kwa nini niliuliza, kwa sababu nilijua. Wala hakunikasirikia. Alisema tu, "Yeye," na nikasikia sauti yake ikikatika.

Si kawaida yangu kuigeuza safu hii kuwa tangazo la msiba, na jina lake sitalitaja. Mkewe ameniomba iwe hivyo, nami nimeona ni haki yake. Lakini nina jambo la kukiri kuhusu namna alivyoishi miaka yake minne ya mwisho, na nikilinyamazia nitakuwa nimemkosea mara ya pili.

Alikuwa fundi wa pampu. Zaidi ya miaka ishirini alifanya kazi Nyarugusu, kwenye maduara, yaani yale mashimo marefu wanayochimba wenzetu kuifuata dhahabu. Duara likijaa maji, kazi yote husimama, na hapo ndipo anapoitwa fundi. Nilikutana naye nikiwa mwandishi kijana, nimefika machimboni na viatu vyembamba vya mjini, shati jeupe, na maswali mengi yasiyo na maana. Alinitazama miguuni, akaniletea mabuti yake ya akiba, akasema, "Vaa haya kwanza. Maswali utauliza ukiwa umesimama vizuri." Tangu siku hiyo nilimwita kaka. Wenzake walikuwa wakishushwa na kupandishwa kwa kamba, mmoja anazungusha roda juu, mwingine ananing'inia chini. Yeye alishuka na kupanda kwa miguu yake kwenye ngazi za magogo, hata akiwa na spana nzito kiunoni. Nilimuuliza kwa nini anajitesa. Akacheka, akasema hapendi kubebwa, na kwamba hata mama yake alimwambia alikuwa mtoto wa kushuka mgongoni na kutaka kutembea mwenyewe.

Haikuwa kwamba alijitunza. Alivuta sigara moja baada ya nyingine, na chakula alikiongezea chumvi kabla hajakionja. Mwaka mmoja walipita wauguzi machimboni kupima watu presha, wakamwambia yake iko juu na kwamba anahitaji dawa. Aliniambia habari hizo huku tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga kwenye kibanda cha mama ntilie, kama mtu anayesimulia kichekesho. "Presha ni ya mameneja," alisema. "Mimi nabeba injini mgongoni, presha itakaa wapi?" Nilicheka naye. Nami niliamini kwamba mtu anayefanya kazi ngumu moyo wake hauwezi kuwa mgonjwa. Wengi wetu huku tunaamini hivyo mpaka leo.

Kiharusi kilimpata mchana, akiwa ameinama juu ya pampu. Spana ilimponyoka mkono wa kulia. Akajaribu kuiokota, mkono ukakataa. Akajaribu kuwaambia wenzake, maneno yakatoka kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Wenzake walicheka kwanza, wakidhani anafanya mzaha, kisha wakaona mdomo umevutwa upande mmoja. Hapo ungetegemea akimbizwe hospitali. Lakini mmoja alisema ametupiwa kitu na mtu anayemwonea wivu, wengine wakakubali, na siku nzima pamoja na nusu ya siku ya pili zikapotelea kwa mganga. Alipofikishwa hospitali ya Geita, daktari alieleza kwamba mshipa wa damu kichwani uliziba, na kwamba moyo nao umetanuka kwa kusukuma damu dhidi ya presha kubwa kwa miaka mingi bila dawa. Alisema pia kwamba saa zile za mwanzo ndizo zingemsaidia zaidi. Hakusema kwa kulaumu. Nadhani husema maneno hayo mara nyingi mno.

Nilipokwenda kumtazama, nilikuta dada mmoja mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mdogo kiasi cha kuwa mwanangu wa mwisho, anamsimamisha kando ya kitanda. Alikuwa amemfunga kitambaa kipana kiunoni na amekishika kwa mikono miwili. Rafiki yangu alikuwa anatokwa na jasho na machozi kwa pamoja.

"Mguu umekufa, binti," alisema kwa ulimi ule mzito.

"Haujakufa, mzee. Umesahau," yule dada akamjibu. "Tunaukumbusha. Ukikaa, utasahau moja kwa moja."

"Na moyo? Wamesema moyo ni mbovu."

"Moyo nao unataka utembee. Pole pole, kila siku. Leo mpaka mlangoni, wiki ijayo mpaka pale kwenye bomba. Ukichoka unapumzika, ukisikia kifua kinabana unakaa na unasema. Lakini dawa za presha unakunywa kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Hasa siku hiyo. Chumvi punguza. Sigara ndiyo basi."

Rafiki yangu akanigeukia mimi, akasema, "Huyu mtoto ana amri kama mkuu wa shule." Lakini alisogeza mguu. Nakumbuka ule mguu ulivyoburutika sakafuni, na yule dada alivyosema, "Umeona? Umekumbuka kidogo."

Walimrudisha nyumbani Didia, kwa mkewe, na hapo ndipo alipoanza kutembea. Mara ya kwanza ilikuwa kutoka mlangoni mpaka zizini. Baadaye akafika kwenye jaruba la kwanza la mpunga, kisha la pili, fimbo mkono wa kushoto na mkewe upande wa kulia. Baada ya miezi mingi aliweza kwenda mpaka zahanati, mwendo ambao mtu mzima mwenye afya huumaliza kwa nusu saa na yeye aliumaliza kwa zaidi ya saa nzima. Kila Jumatatu alifika pale, akaketi kwenye benchi mpaka pumzi irudi, na nesi akampima presha na kumwandikia kwenye daftari. Dawa zikikaribia kwisha, nesi ndiye aliyemkumbusha. Siku nyingine za wiki alitembea kwa kutembea tu.

Na hilo la kutembea kwa kutembea tu ndilo lililomsumbua kuliko mguu. Huko kijijini mtu hatembei bila anakokwenda. Kila aliyekutana naye alimpa "mwangaluka" ya asubuhi, kisha akamuuliza anaelekea wapi, na hakuwa na jibu. "Mazoezi" ni neno la watu wa mjini wenye raba nyeupe. Mzee wa Didia akisema anafanya mazoezi, watu huangalia pembeni wasimcheke usoni. Wapo waliosema akili nayo imeguswa. Mmoja alimwambia mkewe waziwazi kwamba anamwaibisha mumewe kwa kumtembeza kama ng'ombe anayeuzwa. Rafiki yangu alinisimulia hayo mwenyewe siku nilipomtembelea na akanilazimisha nitembee naye.

"Sasa unawajibu nini?" nilimuuliza.

"Nawaambia naenda kuutafuta mguu wangu," alisema. "Wakishangaa, mimi nimeshapita."

Tulitembea asubuhi hiyo mpaka karibu na zahanati. Mkewe alikuwa nyuma yetu, amejitanda kanga. Mimi ndiye niliyeomba tusimame, kwa kisingizio cha kutazama mpunga. Naishi kwenye kiti cha ofisi, natoka kwenye kiti hicho naingia kwenye kiti cha bodaboda, kisha kochi la nyumbani. Na si mimi peke yangu. Wakulima wa kijijini kwake sasa wanakodi trekta, vijana wa machimboni hawatembei hata mpaka dukani, na sote bado tunakula chumvi na mafuta kana kwamba tunashinda na jembe. Niliona wivu, ndiyo, niliona wivu kwa mtu mwenye nusu ya mwili mzito aliyekuwa anapumua vizuri kuliko mimi. Nilimwahidi nitakuja kila mwezi tutembee pamoja. Nilikwenda mara mbili.

Kisha akaanguka. Ilikuwa msimu wa mvua, kingo za majaruba zinateleza, na siku hiyo mkewe alikuwa na homa, kwa hiyo alitoka peke yake. Aliteleza, akapasuka kwenye paji la uso, akakaa kwenye tope mpaka mpita njia alipomwona. Hakuvunjika mfupa. Lakini picha yake akiwa na damu na matope ilitumwa kwa simu kwa watoto wake, na binti yake mkubwa, mfanyabiashara wa Buseresere, alifunga duka siku hiyo hiyo akapanda basi. Nimjuavyo mimi, hakuna mtoto aliyempenda baba kama huyo. Aliitisha kikao cha familia, akanipigia na mimi nije, kwa kuwa baba yake ananisikiliza.

Nilikwenda. Tulikaa sebuleni, yeye baba akiwa na bandeji kichwani, ametulia kama mshitakiwa. Binti alizungumza huku analia. Alisema watu wanamtukana njiani kwamba ana duka kubwa lakini amemwacha baba yake aokotwe kwenye majaruba. Alisema baba amefanya kazi ya kutosha maishani. Mama yake akamjibu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, baba yako akikaa atakwisha. Walituambia hospitali. Tafuteni mtu wa kutembea naye, msimkataze." Binti akanigeukia. "Baba mdogo, wewe umesoma. Tuambie."

Hapa ndipo nilipokosea. Sikumpigia yule dada wa hospitali kumuuliza. Sikuwaza kwamba lililohitajika ni mtu wa kumsindikiza siku ambazo mkewe hawezi, na njia isiyoteleza. Nilisafisha koo, nikazungumza maneno mazuri, maana maneno mazuri ndiyo kazi yangu. Nilisema kila umri una heshima yake, na kwamba mzee wetu ametembea vya kutosha, sasa ni zamu ya watoto kumtembelea. Watu waliitikia kwa vichwa. Mkewe alinitazama mara moja, akainuka kwenda jikoni. Rafiki yangu alisema, "Kama ninyi mnaonipenda mmeona hivyo, sawa." Mtu aliyekataa kubebwa maisha yake yote alikubali, kwa sababu hakutaka kumliza binti yake.

Binti alimletea kiti kikubwa cha kuegemea, chenye kitambaa cha rangi ya maziwa, na televisheni ya ukutani. Alilipia kijana wa pikipiki awe anachukua dawa zahanati. Kila kitu kilifanywa kwa upendo. Majirani walipita kumwona baba wa watu alivyokaa kama mfalme, wakamsifu binti, na binti akarudi Buseresere moyo umetulia. Mimi nilirudi mjini nikaandika makala kuhusu heshima kwa wazee. Baadhi yenu mliniandikia kunipongeza.

Alikaa miezi saba. Mguu uliokuwa umeanza kukumbuka ukakakamaa tena. Miguu yote miwili ikavimba. Mwili ukaongezeka, na mkewe peke yake hakuweza tena kumwinua. Rafiki yangu alinipigia simu mara moja katika miezi hiyo, akanizungumzia mpira alioutazama, kisha akasema, "Mdogo wangu, mchana ni mrefu sana ukiwa umekaa." Nilimwambia avumilie. Nilikuwa na haraka, kulikuwa na mtu ananisubiri.

Jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyeliona ni hili: tulipomkataza kutembea, tulimkataza pia zile Jumatatu. Dawa zilichukuliwa na mtu mwingine, daftari likabaki nyumbani, na presha hakuna aliyeipima. Mara moja zahanati iliishiwa dawa, na kijana wa pikipiki alirudi mikono mitupu akasema atapita tena. Hakupita. Rafiki yangu alimwambia mkewe asijali, anajisikia vizuri. Wiki tatu hakumeza kidonge hata kimoja. Kama angekuwa ameketi kwenye lile benchi, nesi angemuuliza, angempima, angempigia simu binti yake aitafute dawa hiyo mjini. Alfajiri ya Alhamisi mkewe aliamshwa na sauti ya kukoroma isiyo ya kawaida. Uso ulikuwa umevutwa. Safari hii hakuna aliyezungumzia mganga. Walitafuta gari mara moja, lakini gari lilipofika alikuwa ameshakata roho.

Siwezi kuandika kwamba kile kiti kilimuua. Daktari mmoja niliyemuuliza amenionya nisiseme hivyo, kwa sababu moyo ule ulikuwa umechoka na kiharusi cha pili huwapata hata wanaofanya kila walichoambiwa. Alichoniambia ni kwamba kutembea, dawa na vipimo vilikuwa ndiyo kinga yake, na vyote vitatu viliondoka pamoja. Nimeirudia sentensi hiyo kichwani mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Tulimzika Ijumaa alasiri. Watu walikuwa wengi, hata kutoka Nyarugusu walikuja kwa lori, wanaume wa mikono mipana waliosimama nyuma kabisa na kulia bila kujificha. Baada ya maziko, binti yake alinifuata nyuma ya nyumba, nilikokwenda kunawa. Macho yalikuwa yamevimba, sauti imekauka. "Baba mdogo," aliniuliza, "ni mimi?"

Nilisema "Hapana" haraka, jinsi tunavyosema misibani. Alitikisa kichwa. "Usinijibu kama mgeni. Ni mimi?"

Nikamwambia, "Wewe ulitaka asiumie. Mimi ndiye niliyeulizwa, nikajibu nisilolijua." Aliniegemea begani akalia mpaka shati langu likalowa, nami nikalia naye, mwanamume wa umri wangu, mbele ya masufuria na wapishi wa msiba.

Nilidhani hayo yangetosha. Lakini asubuhi iliyofuata, waombolezaji wengine wakiwa bado wamelala kwenye mikeka, mjane alitujia akiwa amevaa viatu. "Inukeni," alisema. "Ninyi wawili." Binti akauliza tunakwenda wapi. "Zahanati. Mmekaa vya kutosha." Hakuna aliyebisha. Tulitembea watu watatu kwenye njia aliyoipita naye miaka yote ile, mjane mbele kwa hatua fupi za haraka, sisi nyuma tunahema. Alituonyesha mahali mumewe alipozoea kupumzika. Alituonyesha mahali alipoangukia; ni ukingo mmoja tu uliobomoka, ambao mtu mwenye jembe angeutengeneza kwa dakika chache. Hakuna aliyewahi kuutengeneza.

Nesi alimpa pole mjane, wakashikana mikono muda mrefu. Kisha akatupima presha. Yangu iko juu kidogo, akanipa miezi mitatu nirekebishe mlo na mwendo kisha nirudi. Ya binti iko juu sana. Nesi aliipima mara tatu, akimpumzisha katikati. Ana miaka arobaini na moja, hana dalili yoyote, anakaa dukani tangu asubuhi mpaka jioni. Alipoambiwa ataanza dawa, alimtazama mama yake kama mtoto mdogo. Mama akasema, "Utakunywa. Na utatembea. Nitakuja Buseresere, nitakaa kwako, tutatembea wote mpaka uzoee." Na binti, aliyekuwa amekuja kijijini kumtunza mama mjane, akasema, "Ndiyo, mama."

Najua baadhi yenu mna mtu wa namna hiyo nyumbani, baba, mama, mume, aliyepigwa kiharusi na kubaki na mguu mzito au mkono uliolegea. Najua mnampenda, na najua upendo huo unawaambia nini kila anapoinuka akayumba. Mimi nilikuwa rafiki wa mtu kwa miaka zaidi ya ishirini, nikamwonyesha mapenzi yangu kwa kumshauri, wakati alichohitaji kwangu kilikuwa asubuhi moja kwa mwezi na subira ya kutembea kwa mwendo wake. Muulizeni daktari au mtaalamu wake anaruhusiwa kutembea kiasi gani. Hesabuni vidonge vyake pamoja naye. Mpelekeni apimwe. Akianguka, mtibuni, mtengenezeeni njia, kisha mtoke naye tena. Na kama ni rafiki yako tu, kama yeye alivyokuwa kwangu, usimpigie simu kumwambia apumzike. Nenda kwake kesho asubuhi, mpe shikamoo yake, muulize leo anataka kufika wapi, na ufike naye.